Mtani Haombi Leseni

Tangu kampeni za uchaguzi wa 2025, vijana wanaoigiza vichekesho vya mtandaoni hapa Mbweni wanabishana kuhusu akili mnemba. Zamani ukitaka kumwigiza kiongozi ulitafuta koti linalofanana na lake, ukajifunza mwendo wake na kikohozi chake, ukasimama mbele ya kamera na sura yako mwenyewe. Sasa mtu anaingiza picha na sauti kwenye programu, anaandika maneno anayotaka yasemwe, na kabla chai haijapoa klipu iko tayari. Kijana mmoja ninayemsaidia kuandika skripti tangu yuko sekondari alinionyesha klipu ya namna hiyo. Kiongozi anayefahamika nchi nzima anawaahidi wananchi bando lisiloisha, halafu katikati ya hotuba bando lake mwenyewe linakata, mdomo unabaki wazi. Inachekesha kweli. Akaniuliza, "Kaka, hii niiachie?" Nilimwambia anipe muda. Jibu nililokuwa nalo lina historia nyuma yake, na sehemu ya historia hiyo nimeiishi hapahapa.

Mbweni iko ukingoni kaskazini mwa Kinondoni, kati ya Barabara ya Bagamoyo na bahari. Wengi mjini wanaijua kwa majumba makubwa yenye kuta ndefu. Kabla ya kuta hizo kulikuwa na minazi, mikorosho, wavuvi na misiba ya Kizaramo, na kicheko cha kwanza cha kisiasa nilichokisikia maishani kilitoka msibani. Alikuwa amefariki mzee wa ukoo wetu, mtu mwenye sauti, aliyekuwa akiamua magomvi ya mipaka ya mashamba. Jeneza lilipotolewa, mama mmoja wa Kinyamwezi akalala njiani. Akasema maiti haipiti mpaka alipwe, maana marehemu alikula kuku wa kila mlalamikaji na mashauri yote akayaahirisha. Watoto wa marehemu walikuwa wanalia. Wakacheka huku machozi yanawatoka, wakatoa hela. Mama akanyanyuka, akakung'uta kanga yake, na jeneza lilipopita akaenda jikoni kuosha masufuria pamoja na wafiwa.

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa siku nyingi, tangu misafara ya bara ikishuka pwani hadi Bagamoyo. Nilikuwa mtoto, lakini nililiona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mama yule alitamka mbele ya umati kitu ambacho waliopoteza mashamba walikisema uani tu, kwa kunong'ona. Aliweza kukitamka kwa sababu kila mtu pale alimjua kwa jina, alijua utani wake na ukoo ule umetoka wapi, na alijua kwamba akishasuta atabaki kuosha vyombo. Wafiwa nao walijua wajibu wao: kulipa, kucheka, kutonuna. Hakuna aliyeandika sharti hilo mahali popote, na pande zote mbili zililitimiza.

Kicheko cha hadhara kilitufikia baadaye kwa njia nyingine. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na michezo ya Mahoka, na ya Pwagu na Pwaguzi. Ikaja mikanda ya Mzee Small na King Majuto. Halafu, katikati ya miaka ya 2000, wakatokea akina Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu katika kipindi cha Ze Comedy kwenye EATV. Jirani yetu mmoja alikuwa akiitoa televisheni barazani, na watu wa mtaa mzima wanakaa chini mchangani. Kilichonishangaza ni jinsi wazee wasiosoma gazeti walivyomtambua waziri kwa namna mwigizaji alivyovuta kiti au alivyorekebisha miwani, kabla hata hajafungua kinywa. Jina halikutajwa wala halikuhitajika. Kundi lile baadaye likahamia TBC1 kwa jina la Ze Orijino Komedi, maana yake televisheni ya umma ikawa inarusha vichekesho vilivyowagusa wenye madaraka, na nchi haikutikisika. Nairobi walikuwa wametutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, maarufu kama Nyambane, alimwigiza Rais Daniel arap Moi katika kipindi cha Redykyulass huku Moi angali Ikulu, na mwaka 2009 ukaanza mchezo wa vikaragosi, The XYZ Show, wazo la mchora katuni Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, ambaye ni mzaliwa wa Dar es Salaam.

Sisi wa Mbweni tulianza kuigiza kwa simu. Mimi naandika, vijana wa kijiwe cha bajaji wanacheza, fundi simu mmoja anashuti na kuediti. Mada hatukuzitafuta mbali, kwa sababu wakati huo huduma za serikali zilikuwa zinahamia kwenye simu moja baada ya nyingine. Umeme unanunuliwa kwa namba, kodi ya jengo ilikuwa na namba ya udhibiti, ombi la kitambulisho lina namba, na ofisini karani hakuambii tena "njoo kesho", anakuambia "mfumo uko chini." Mtu wa kawaida hakutani na waziri, hakutani hata na mkuu wa wilaya. Anakutana na mashine. Kwa hiyo ukimwigiza mama anayebishana na mita ya umeme, umeshaingia kwenye siasa bila kutaja chama chochote, na watazamaji wanaelewa hivyo. Nasisitiza hili kwa sababu wako waliotuambia tuigize teknolojia tu ili tuwe salama, kana kwamba hapa kwetu ukuta unaotenganisha mambo hayo mawili upo.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa awe na leseni, na gharama za maombi, leseni na ada ya mwaka zikijumlishwa zilipita shilingi milioni 2. Tulikaa tukahesabu. Vifaa vyetu vyote havikufika hapo. Tukaamua klipu zetu zipite WhatsApp tu: makundi ya familia, ya vikoba, ya wazazi wa shule. Zilisafiri sana. Klipu iliondoka kwetu Jumamosi na kurudi wiki ya pili ikiwa na nembo ya mtu mwingine. Hasara ya jina ilituuma, lakini nilipoitafakari niliona kubwa kuliko hiyo. Aliyekipokea kichekesho kule Temeke hakujua nani anamtania nani. Alikuta kicheko kisicho na mwenyewe. Yule mama wa msibani angefunikwa uso kwa shuka, maneno yake yaleyale yangekuwa tusi.

Kazi yetu iliyonifundisha kuliko zote ilitoka kwenye foleni. Mwishoni mwa 2019 kila laini ilitakiwa isajiliwe upya kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Siku ya mwisho ilikuwa Desemba 31, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Nilikuwa kwenye kituo kimoja cha usajili upande wa Tegeta, jua kali, watu wamejipanga hadi barabarani. Mbele yangu alikuwapo mama mgonga kokoto. Kwa wasiojua, pande za Boko na Kunduchi kuna machimbo ya mawe, na wako wanawake waliolea watoto kwa kukaa juani na nyundo, wakivunja mawe kuwa kokoto, wakiuza kwa ndoo. Kazi hiyo inakula ngozi ya vidole mpaka inakuwa laini, haina mstari. Mashine ikamkataa. Kijana wa usajili alikuwa na adabu: alimpangusa vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akamwambia, "Mama, hebu tujaribu gumba la kushoto." Ikakataa. Vidole vyote kumi vikakataliwa.

Mama akatugeukia sisi wa kwenye foleni, akainua mikono juu, akasema, "Alama zangu zimebakia kwenye nyumba zenu. Kawasajilini hizo kuta."

Watu waliangua kicheko kikubwa, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu wengi pale tulikuwa na nyumba au tulikuwa tunajenga, na kokoto tulizinunua kwa akina mama kama yeye. Nilimfuata pembeni. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwomba ruhusa maneno yale tuyafanyie mchezo. Akaniuliza nani atamwigiza. Nikamwambia tuna kijana hodari, akivaa dera na kujitanda kanga anakuwa bibi kamili. Akakataa katakata. "Mwanangu, kama ni mimi, nitacheza mwenyewe. Msinichezee na mvulana aliyejaza matambara kifuani."

Alicheza mwenyewe, na malipo yake tukapatana kabla. Hakuhitaji kufundishwa. Alikaa kwenye lundo lake halisi la kokoto, na mashine yetu ya kuigiza, boksi lenye taa nyekundu, ikawa inamwambia "jaribu tena" huku yeye anaendelea kugonga. Kuanzia hapo sikuandika tena bibi wa kuchekwa kwa ubibi wake. Komedi ya nchi yetu imejaa wanaume waliovaa madera wakiigiza wanawake wazee kama wajinga wa simu, na nimekuja kuona kwamba kicheko hicho kinamlenga aliyeonewa na mashine na kumwacha aliyeileta. Ndivyo ilivyo pia kwa wanasiasa wanawake. Mwaka wa uchaguzi wa 2020 mwandishi mgeni alituletea skripti kuhusu mgombea wa kike, na utani wote ulikuwa juu ya makalio na ndoa yake. Binti aliyepewa nafasi ile aliirudisha karatasi, akauliza, "Huyu mama ameahidi nini kuhusu maji? Hapo ndipo nitacheza." Tuliiacha skripti ile.

Mei mwaka huohuo wa 2020, mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa wa 2014, alikamatwa baada ya kusambaa kwa video akiangua kicheko kwa kuona picha ya zamani ya Rais John Magufuli aliyevaa suti pana. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mei 27 alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, mashtaka yaliyosomwa yalihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Miezi michache kabla yake, Oktoba 2019, alikuwa ameitwa polisi kwa kuweka mtandaoni picha alizobadilishana sura na Rais siku ya kuzaliwa ya Rais. Kijiweni kwetu habari ile ilitua kwa uzito. Tulikuwa tumemaliza kuigiza usajili wa laini kama kero ya foleni, tukaona sasa kwamba laini hiyohiyo inaweza kumfikisha mchekeshaji kizimbani. Julai mwaka huo, Uganda nao waliwakamata wachekeshaji wa kundi la Bizonto kwa video iliyogusa vyeo vya juu vya serikali. Vijana wawili waliacha kikundi chetu kwa shinikizo la wazazi wao. Sikuwalaumu wazazi na siwalaumu leo.

Tukasimama kwa muda. Tulipoanza tena ilikuwa kwa ajili ya tozo. Julai 15, 2021, tozo ya miamala ya simu ilianza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kufuatana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Mchezo wetu ulikuwa mfupi. Kijana anatoka Mbweni na hela mkononi kumpelekea mama yake aliyesimama upande wa pili wa uwanja wa mpira. Kati yao wamepangwa watu waliovaa mashati meupe, kila mmoja anapokea "kidogo tu, kwa maendeleo," anamshukuru, anampa karatasi. Anapofika kwa mama ana karatasi nyingi. Mama anazipokea, anazihesabu kwa makini, anauliza, "Na hizi zinanunua unga?" Klipu ile walinitumia watumishi wa serikali, walimu, hata askari ninayesali naye msikiti mmoja, kwa kuwa wote wana mama wa kumtumia hela. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sidai kwamba sisi ndio tuliopunguza. Nchi nzima ilikuwa inalalamika, na wako waliolalamika kwa hesabu na hoja nzito. Ninachojua ni kwamba klipu ile iliingia kwenye simu za watu ambao wasingefungua makala ya bajeti, na ikawapa swali moja lililo wazi la kuuliza.

Kwa hiyo kijana wangu aliporudi, nilimwambia hivi: klipu yako nzuri, lakini iigize. Vaa koti, weka sura yako, bando likukatikie wewe. Mtazamaji akiona sura ya mtu mwingine inasema maneno ambayo mwenyewe hakuyasema, hajui kama ametaniwa au amedanganywa, na nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Zaidi ya sheria, lipo lile nililoliona msibani nikiwa mtoto. Mtani anajitokeza. Kuazima sura ya kiongozi na kujificha nyuma yake ni kuacha nafasi ya mtani wazi, na kesho mtu mwenye nia mbaya ataikalia kwa programu hiyohiyo.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, sura yangu ndiyo itakayoitwa kituoni. Ile ya mashine haina kwao."

Hoja yake ina uzito na nisingependa kuipuuza. Kizazi chake kimeuona mwaka 2025 wote. Februari 22, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mgeni rasmi kwenye Tuzo za Wachekeshaji pale Super Dome, Masaki, na vijana hawa walitazama kwa fahari, wakaona kazi yao imeingia ukumbi wa wakubwa. Mei, mtandao wa X ukafungwa. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima hadi Novemba 3, Dar es Salaam ikiwa na amri ya kutotoka nje usiku, na watu walipoteza maisha. Mtandao uliporudi, wapo waliowauliza wachekeshaji mbona kimya. Mimi nilikuwa upande wa ukimya huo. Waliokufa wana majina, wana koo, na mwenye haki ya kutania kwenye msiba ni mtani wa ukoo ule, aliyekwenda kulia kwanza.

Lakini ukimya wa heshima ni kitu kimoja, na ukimya wa hofu ni kingine. Siwezi kumwambia kijana ajitokeze kana kwamba kazi yote ni yake. Utani una pande mbili. Wafiwa wale wangemkamata mama wa Kinyamwezi, mwaka uliofuata asingetokea mtu wa kusema neno la kweli juu ya jeneza lolote pale kijijini. Kiongozi naye ana wajibu wa kulipa, kucheka na kutonuna, na wajibu huo hauishii kwenye ukumbi wenye taa na zulia. Unamfuata hadi kwenye simu ya kijana wa bajaji. Viongozi wetu wengi wametoka kwenye makabila yenye watani. Wanaijua desturi hii vizuri kuliko wanavyotaka tuamini.

Nimemshuhudia mmoja aliyeitimiza. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, tuliigiza kivuko kilichosombwa na mvua katika mtaa mmoja jirani. Wananchi wanakwenda ofisini kulalamika, wanaambiwa kero zote sasa zinapokelewa kwenye mfumo, na mfumo uko chini. Mzee mmoja anaondoka, anarudi na jeki ya lori na vijana wanne, anauliza, "Uko chini wapi? Tuonyesheni, tuunyanyue." Kiongozi tuliyemwigiza alikuwa na kofia ya rangi fulani, na katikati ya kikao mkewe anampigia simu kumkumbusha samaki. Siku chache baadaye kiongozi wa mtaa ule, mwenye kofia ya rangi ileile, alituita ofisini kwake.

Tulikwenda na hofu. Wajumbe wake walikuwa wamekaa kwenye benchi. Akaiweka simu mezani, akaicheza klipu mwanzo hadi mwisho kwa sauti kubwa. Hakuna aliyesogea mpaka jeki ilipotokea, ndipo mama mmoja mjumbe akashindwa kujizuia, na baada yake benchi zima. Mwenyewe alicheka mwishoni kabisa. Kisha akasema, "Ya kivuko ni kweli. Ya kofia nimewasamehe. Ya mke wangu itoeni, yeye hakugombea." Tukaitoa siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa na haki. Tulipokuwa tunaaga, akamwomba fundi wetu amrushie klipu iliyorekebishwa. Alikuwa na kikao na wakubwa wake wiki ile, alisema, na barua za kivuko alikwishaandika za kutosha bila kujibiwa. Safari hii angewawekea video.